Maji Hayajapungua

Mjukuu wangu Rehema, marahaba. Hapa Mtopanga tu wazima, alhamdulillahi. Babako amepata zamu ya asubuhi bandarini. Mimi magoti yananiuma, lakini kukaa kitako bado siwezi.

Umeniuliza utie kitunguu saumu kiasi gani katika maji ya kuku wako wa nyama huko Kitale. Wallahi, kipimo sikijui. Ninalolijua ni hili.

Nilipokuwa kigori, mama alichemsha majani ya mwarobaini, akayajaza maji yake katika vyombo vyote vya vifaranga, kisha akaniamrisha nitulie nisuke ukili wa mkeka. Kutulia kukanishinda. Kila kidogo nilikwenda kuchungulia bandani, naye akinipigia kelele, "Wewe, kwani umekalia moto?"

Jua lilipopanda nikaona vifaranga wametanua mbawa, wanahema midomo wazi, na maji hayajapungua hata kidogo. Nikamwita mama. Akaonja, akatema. "Yarabi! Haya hata mimi nisingeyanywa."

Dawa akaizimua, na kando yake akaweka chombo cha maji matupu. Vifaranga wakayavamia. Tangu hapo, kila alipochemsha dawa, mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Inuka, kazunguke bandani."

Basi anza na kidogo, uonje, na maji matupu yasikosekane. Barua hii nimeiandika nikiinuka-inuka kwenda kwa kuku wangu. Wewe je, tangu uifungue umewatazama wako?

Iweke chini, mjukuu wangu. Nenda.

Nyanya yako