Raelynn Ameondoka, Nyoka Wake Amefika

Bi Lorene mpendwa,

Nisaidie, maana hapa nilipo sina wa kumwuliza isipokuwa kaka yangu, na yeye kila nikifungua mdomo anacheka. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu, naishi peke yangu nje kidogo ya mji wa Waycross, na kwa miaka tisa nimekuwa nikipokea watoto ambao mahakama imewatoa kwa wazazi wao kwa muda, na wa mwisho alikuwa msichana nitakayemwita Raelynn, ingawa si jina lake, alikuja akiwa na miaka saba akakaa kwangu miezi kumi na sita, na ndiye aliyeniingiza kwenye haya mambo ya nyoka.

Yalianzia kwenye ghala la karanga la jirani yangu Dewey. Dewey alikuta nyoka wa mahindi, yule wa rangi ya machungwa tunayemwona kila kiangazi, akanyanyua jembe, na Raelynn akajitupa katikati yao akipiga kelele, "Muache! Hana sumu huyo, anakumalizia panya wako bure!" Dewey akanigeukia, "Mama, huyu umemtoa wapi?" lakini jembe akalishusha. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakukuwa na habari nyingine, nyoka kwenye kifungua kinywa, nyoka ndani ya gari, nyoka kanisani mpaka mchungaji akamwomba anyamaze, nami nikamwahidi kwamba akitimiza miaka tisa nitamnunulia nyoka mdogo wa kwake mwenyewe. Tulimchagua pamoja kwenye picha, kwa mama mmoja wa Valdosta anayewazalisha, Raelynn akataka yule mwenye doa lililopinda shingoni, na yule mama akatuambia hamtoi nyoka yeyote kwake mpaka awe amekula mara tatu mfululizo.

Kabla nyoka hajala mara ya tatu, jaji akamrudisha Raelynn kwa mama yake, na nasema kweli, Bi Lorene, ilikuwa haki, yule dada ametimiza kila alichoambiwa, vidonge vya kulevya ameacha, ana kazi ya kufua kwenye nyumba ya wazee, chumba cha mtoto ameandaa, na mimi mwenyewe nilisimama mahakamani nikasema yuko tayari, halafu nikarudi nyumbani nikakuta soksi moja ndogo kwenye mashine ya kukaushia nguo, nikakaa sakafuni nayo sijui kwa muda gani. Siku anaondoka hakulia. Aliniuliza tu pale mlangoni, "Akifika utaniambia?" Nikamjibu, "Nitakuambia, mwanangu." Siku ya kumi na moja yule mama wa Valdosta akapiga simu, "Nyoka wenu mdogo yuko tayari," na badala ya kumwambia amuuzie mwingine nikachukua funguo za gari.

Sasa ana wiki tatu kwangu na sielewi kama anaishi au anakufa. Anajificha mchana kutwa ndani ya lile bomba la boksi linalobaki karatasi za kufutia jikoni zikiisha, nami nalinyanyua mara nane, mara kumi kwa siku nione kama anapumua. Nikimgusa anatikisa mkia kama mwenye homa. Juzi kaning'ata kidole. Wiki ya kwanza alikula kipanya kimoja, tangu hapo hataki, na leo asubuhi macho yake yamekuwa na ukungu wa buluu kama ya mzee anayepoteza nuru. Kaka yangu Harlan anasema, "Odessa, umekaa peke yako mpaka umeolewa na nyoka." Je, ni mgonjwa? Au ananichukia?

Na kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa aibu. Alhamisi iliyopita nilimweka nyoka ndani ya kiboksi kwenye kiti cha mbele, nikaendesha dakika arobaini, nikaegesha ng'ambo ya barabara mbele ya shule mpya ya Raelynn. Nilijiambia nikimwona tu nitapungia mkono, naye ataona boksi, ataelewa. Alishuka kwenye basi akicheka na wenzake, amesukwa nywele nisivyowahi kumsuka mimi, zimependeza. Sikupunga. Nilirudi nyumbani. Ahadi yangu bado sijaitimiza, kwa kuwa naogopa mama yake ataona namvuta mtoto kwa nyoka, na pengine, Bi Lorene, ndivyo ilivyo.

Nifanye nini?

Odessa, Waycross

*

Dada Odessa,

Nyoka wako ni mzima. Naanza na hapo ili ushushe pumzi.

Nimefanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha daktari wa mifugo na maswali yako nimeyasikia mara mia. Kujificha ndiyo kazi yake. Ana unene wa penseli, na huku kwetu kila chenye miguu au mabawa kinamla, mpaka kuku wa Dewey. Mtoto wa nyoka anayejilaza peupe mchana kutwa ndiye angenitia wasiwasi. Kutikisa mkia ni kujifanya mkubwa. Kung'ata ni woga tu, osha kidole kwa sabuni uendelee na shughuli zako. Na hayo macho ya ukungu, anajiandaa kujivua gamba. Baada ya siku chache yatang'aa tena, kisha atavua. Wakati huu haoni vizuri na wengi wao hawali, kwa hiyo vipanya vyako vya kugandishwa viache kwanza kwenye friza.

Anayemsumbua ni wewe. Mara kumi kwa siku! Hebu fikiria jitu linang'oa paa la nyumba yako kila saa likitaka kujua kama bado unapumua. Halafu ukampandisha gari na baridi ya Oktoba, unashangaa kwamba hataki kula? Ndani ya tangi lake la kioo, weka bomba moja upande wenye joto na jingine upande wa baridi. Joto lipime kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Maji safi, mfuniko ufungwe barabara, kisha ondoa mikono kwa wiki nzima. Akishavua, mwekee kipanya kilichoyeyushwa wakati wa magharibi, ufunge, uondoke. Akikataa, subiri siku tano ujaribu tena. Ukimwona anapumua mdomo wazi, anatoa mapovu puani, anatapika, au uti wa mgongo umechomoza, hapo ndipo umkimbize kwa daktari.

Unauliza kama anakuchukia. Hakuchukii, na nikuambie lililo gumu zaidi: wala hatakupenda. Atakuzoea, basi. Unakaa mbele ya kile kioo ukimngoja nyoka akufanyie alichokuwa akikufanyia mtoto, na hawezi, maskini.

Kule shuleni usirudi. Kabisa. Nakuonea huruma, nami nimewahi kuikosa sauti ya mtoto ndani ya nyumba, lakini yule binti angekuona siku ile angevuka barabara mbio bila kuangalia magari, na jioni angelazimika kumficha mama yake kitu. Usimpe mtoto mzigo huo.

Mpigie mama yake. Si mtoto, mama. Mpigie Jumamosi hii, mwambie uliahidi kutoa habari na umechelewa, mwambie nyoka yuko kwako na atakaa kwako mpaka yeye aamue. Akisema hapana, mshukuru, kata simu, ndipo ulie.

Lorene

*

Jibu hilo nilimtumia Odessa kwanza, na gazeti likiwa karibu kuingia mtamboni alinitumia mistari michache na kuniruhusu niichapishe. Alipiga. Mama yake Raelynn alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza.

"Ana sumu?"

"Hana."

"Anakula nini?"

"Panya. Wa kugandishwa, nawaweka kwenye friza."

"Friza ya chakula?"

"Hiyohiyo."

"Basi yeye na panya wake wabaki hukohuko kwako, dada." Halafu akasema, taratibu, "Mtoto ananiuliza kila siku kama umepiga. Mimi nilikuwa naona haya kukupigia."

Watakuja Jumapili wakitoka kanisani. Nyoka amejivua gamba zima, bila kukatika. Kula bado.

Odessa, nisikilize. Mpe kipanya leo Jumatano. Akikataa, mwache hivyohivyo, usimpe kingine mpaka wageni wamekwisha kuondoka, maana nyoka akishikwa tumbo likiwa limejaa hutapika. Mtoto anawe mikono kabla na baada, na amshike akiwa amekaa sakafuni. Mfuniko afungue yeye. Usimwelekeze, anajua kuliko wewe. Wewe mkaribishe mama yake jikoni, mmiminie kahawa, mwulize habari za kazi. Na ukisikia mtoto anacheka huko chumbani, usiinuke.