Kishikwambi Kilichofika Dakawa

Hawa mwanangu,

Leo jua limetoka mapema milimani. Paneli yako ya sola iko juu ya paa, kishikwambi kinakula chaji, na mimi nimekaa hapa kizingitini nakichunga kama anayechunga mpunga ulioanikwa, kuku wasiuparue. Ungeniona ungecheka. Ungesema, "Mama, hakina miguu hicho."

Kumbe kilikuwa na miguu, mwanangu. Kilifika mpaka Dakawa.

Ilikuwa hivi. Siku ya arobaini yako, dua imeshasomwa na watu wamekula, mjomba wako Kibwana alikaa mkekani akagawa vitu vyako, kama unavyojua kwetu vya mtoto vinabaki upande wa mama. Kanga wakapewa dada zako. Akafungua mkoba wako wa kazini, akakikuta. Akasema, "Hiki apewe Shaibu, kijana anapenda mitambo." Shaibu wa mama yako mdogo akakibeba, akaenda nacho kwenye vibarua vyake vya mpunga huko Dakawa. Mimi nilikuwepo, lakini kichwa changu hakikuwepo. Mwalimu mwenzio Anitha alikuwa uani anaosha masufuria, hakuona kitu.

Baadaye akaja. "Shikamoo mama. Samahani mama, kile kishikwambi cha darasa la pili umekiweka wapi?"

Nilikuwa najua ulikuwa unawarekodi watoto wanaposoma, halafu wanajisikiliza wenyewe. Uliniambia. Lakini kwamba ni mali ya shule, na kwamba masomo yao yote yamo humo, sikuwa nimelifikiria. Anitha akaniambia habari za Zuhura wa bondeni, yule ambaye darasani hafungui mdomo, anasoma kwenye kishikwambi tu akiwa amegeukia ukuta. Tangu uondoke amenyamaza tena. Akasema, "Mama, kila siku ananiuliza sauti yake imekwenda wapi."

Neno hilo halikuniacha, Hawa. Sauti yake imekwenda wapi. Unanijua mama yako nilivyo mwoga, hata kuku akichelewa kurudi bandani silali. Nikavaa kanga ya heshima nikaenda kwa mjomba wako.

Hakufurahi. Akaniuliza, "Umeanza kunifundisha kugawa, Asha? Kilikuwa kwenye mkoba wake." Nikamwambia, "Kaka, mkoba ni wake. Kilichomo kina watoto wa watu. Kitu cha shule hakina ukoo." Kisha akasema, "Nenda. Shaibu akikataa, usirudi hapa na kilio."

Nikaenda Dakawa.

Shaibu nilimkuta kwenye kibanda cha fundi simu. "Mamkubwa, afadhali umekuja uone. Hii kitu imegoma, ina loki. Fundi anaiflashi sasa hivi, inakuwa mpya kabisa." Nikauliza, ikiwa mpya, sauti za watoto zinakwenda wapi? Fundi hata macho hakuinua. "Zinafutika zote, mama."

Nikamwambia, kiweke chini, mwanangu. Nitakifungua mimi.

Walicheka. Shaibu akasema, "Mamkubwa, wewe simu ya tochi yenyewe unampa mtoto akupigie." Kweli. Lakini wewe ulikuwa unakifungua mbele yangu kila jioni, mimi nikimenya magimbi, wewe umekaa kwenye kigoda, kidole kinashuka, kinakata kulia, kinapanda. Mchoro wake kama jembe lililosimamishwa ukutani. Mara ya kwanza kishikwambi kilikataa. Nikafuta kidole kwenye kanga, nikarudia.

Kikafunguka. Fundi akagusa sehemu, sauti ikatoka, na ilikuwa yako. "Haya wanangu, tusome taratibu, hakuna anayetufukuza." Halafu kisauti kidogo kama cha kifaranga: "Ma-ma a-na-li-ma." Shaibu akavua kofia. "Chukua, Mamkubwa. Mimi nilidhani ni cha kwake mwenyewe."

Sikulia pale. Nililia kituoni, kidogo tu, maana mvua ilikuwa inakuja na nilikuwa na kitu cha kufunika.

Siku kiliporudi darasani, Anitha alimpa Zuhura kwanza. Akakiweka sikioni kama anaongea na simu. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, na wote wakasikia, "Hapo nilikosea. Naomba nirudie."

Wazazi wengine walinung'unika. Kwenye kikao mmoja alisema si vizuri watoto kusikilizishwa sauti ya marehemu, ingefutwa. Nilisimama, Hawa. Mimi ambaye kikaoni hukaa karibu na mlango ili nitoke upesi. Nikasema, "Niliyemzaa nimeisikia na bado nimesimama. Ninyi mnaogopa nini?" Mjomba wako akakohoa huko nyuma, akasema, "Mwacheni dada yangu." Basi likaisha. Na Anitha sauti zote ameziweka pia kwenye kompyuta ya shule, ili asitokee mjomba mwingine wa kuzigawa.

Sasa kazi ya chaji ni yangu. Asubuhi nakifunga kwenye ile kanga yako ya bluu, niliwaomba dada zako wanirudishie hiyo moja, napanda nacho mpaka shuleni. Nikifika sirudi. Nakaa dawati la nyuma. Darasa la nne niliacha kabla halijaisha, na mengi yameshanitoka, barua hii yenyewe nimeiandika kwa siku nyingi nikiuliza herufi. Zuhura ndiye mwalimu wangu. Jana kaniambia, "Bibi, usikibonyeze kama unaua chawa. Gusa tu."

Nyumba bado kubwa, mwanangu. Kigoda chako sijakihamisha. Siwezi kukudanganya kwamba nimezoea.

Lakini nakuahidi hili. Siku nitakayosoma ule ukurasa wa mama analima bila kusimama, nitagusa kile kidude chekundu cha kurekodi, nami nisikike, nyuma ya Zuhura. Yako itabaki ya kwanza. Haitafutwa nikiwa hai, na watoto hawa watakaponizika watakuwa wanajua kuilinda wenyewe.

Pumzika, Hawa. Chaji imejaa, napanda shuleni. Nitasoma taratibu, hakuna anayenifukuza.

Mama yako