Barakoa Msumarini

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, bado anagombana na nguo zangu za kazi. Akizikung'uta uani, vumbi la saruji linamgeuza bibi kizee.

Watu wa utafiti wenu wamefika. Chuo chenu kimeleta barakoa mpya, taasisi ya afya imeleta bomba la kupuliza la kupimia pumzi, na kiwanda chetu kimetoa vifua. Ndiyo ubia huo! Nusu yetu wamepewa barakoa mpya, nusu tumebaki na zile za zamani ili mtulinganishe. Mimi nimeangukia za zamani. Usijali, kiwanda kizima kinajua barakoa ni kazi ya binti yangu. Najitapa mpaka wananikimbia.

Baba yako

20 Mei

Baba, shikamoo.

Kifua kinaendeleaje? Nasikia unakohoa mpaka unashika ukuta.

Nakutumia barakoa moja mpya. Ivae kila ukiingia kwenye kinu cha kusagia saruji. Sababu siruhusiwi kuisema. Tulitia saini kwamba matokeo hayatoki mpaka washirika wote watatu wakubali. Wewe vaa tu, tafadhali.

Bintiyo

11 Juni

Mtafiti wangu,

Marahaba. Mzigo umefika. Nimeijaribu mbele ya kioo, mama yako kacheka mpaka kakaa chini. Kisha nimeitundika msumarini.

Wewe nawe una vituko! Mimi ni mtu wa barakoa za zamani. Nikivaa mpya halafu nikapuliza bomba, si nitakuvurugia kazi? Waje waseme mtafiti kambeba babaye? Thubutu! Kikohozi kipo, lakini kitakufaa: kitaonyesha tofauti. Ila wenye bomba wamepotea siku nyingi. Waambie tunawasubiri.

Baba yako

2 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sijui hata nikuulize hali kwa mdomo gani.

Nimeambiwa leo. Kiwanda kilijitoa kwenye ubia tangu Mei, kilipoona barakoa mpya zinafanya kazi. Matokeo yangetangazwa, wangelazimika kuwanunulia wafanyakazi wote na kujibu habari za vifua vilivyokwisha kuharibika. Taasisi imechukua bomba lake. Chuo kimetuamuru tunyamaze, kinatafuta mshirika mwingine. Hakuna kazi ya kuvuruga, Baba. Hakuna anayepima tofauti. Umekohoa bure, na mimi nalia hapa kama mtoto. Itoe msumarini uivae, nakupigia magoti.

Bintiyo

30 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nyamaza, hukujua.

Barua yako niliisoma peke yangu nikaichoma jikoni. Wenzangu wanauliza bomba litarudi lini, nami nawajibu hivi karibuni tu. Nilishajitapa mno, sina pa kuuweka uso.

Daktari kanipiga picha ya kifua. Kasema dawa hakuna, niepuke vumbi. Lakini nikiacha kinu tutakula nini?

Barakoa nimeitoa msumarini kama ulivyosema. Nimempa mama yako aivae anapokung'uta nguo zangu. Naye ameanza kukohoa.

Baba yako