Mikorosho Arobaini ya Bi Somoe

Jumanne, Lindi. Mawingu tangu asubuhi, kaubaridi kidogo, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Leo Bi Somoe kaja ofisini kwetu, ushirika wa korosho, katoka Milola na gari la kwanza. Sijamaliza shikamoo yangu, kashadakia: "Marahaba. Mikorosho yangu arobaini iko wapi?"

Kwenye mfumo, ambako miti ya wake huandikwa kwa jina la mume, mumewe, Mzee Bakari, ana mikorosho hamsini na tano. Thelathini yake mwenyewe, ishirini na tano ya mke mdogo wa Rondo. Ya Bi Somoe hakuna. Na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, tunagawa kwa idadi ya miti. Maua yameshaanza, ugonjwa wa ubwiri unga ukiyawahi hana msimu.

"Kanifuta," akasema. "Kampa mwenzangu kila kitu." Siku ya tatu leo tangu aione orodha ya salfa, hajampikia mzee.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo.

Wiki iliyopita karani wa Milola na karani wa Rondo walifungua rekodi ya Mzee Bakari kwa wakati mmoja. Wote wakaona thelathini. Wa Milola akajumlisha arobaini ya Bi Somoe, akahifadhi sabini. Dakika moja baadaye wa Rondo, aliyekuwa bado anatazama thelathini yake, akajumlisha ishirini na tano, akahifadhi hamsini na tano. Kanzidata ikaipokea miamala yote miwili bila kinyongo, wa pili ukaufuta wa kwanza.

Mfumo huo niliuandika mimi.

Niliujaribu mezani kwangu, peke yangu. Haikunijia kabisa kwamba watu wawili wangeshika rekodi moja kwa pamoja. Nimeona aibu, sifichi.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimerekebisha. Kila rekodi sasa ina namba ya toleo: ukitaka kuhifadhi na mwenzako kakutangulia, mfumo unakukatalia, unakuonyesha alichoandika, nawe unaanza upya. Nikairudisha rekodi kwenye thelathini, nikawapigia makarani wote wawili waingize tena, makusudi kwa pamoja. Mmoja akapita, mwingine akarudishwa. Alipojaribu upya, ikatimia tisini na tano. Nikapiga kigelegele ofisini.

Nikamwambia Bi Somoe ukweli: mumeo hana kosa, mkosaji ni mimi. Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Salfa yangu nitapata?"

"Utapata yote, mama."

Akajitanda vizuri mtandio wake. "Basi mwanangu, mzee usimwambie mpaka Ijumaa. Tangu Jumapili anateka maji mwenyewe, hajaambiwa na mtu."

Nimemwahidi. Sasa simu yangu inaita kwa mara ya nne, na ni Mzee Bakari.

Nipokee?