Pengo la Rebeka

Voi, Jumanne jioni, 1957

Nilikosea. Mwezi uliopita nilimng'oa Rebeka magego mawili ya utoto, nikamwambia mama yake uvimbe utashuka. Leo wamerudi kwa treni kutoka Bomeni, kule bondeni, na taya la mtoto limezidi ngumi yangu.

Mimi ni dresa tu, mfunga vidonda wa zahanati. Vibarua wa mkonge wakija na taya lililovimba, natoboa kwa sindano, yanatoka maji ya njano, uvimbe unanywea. Watu wa milimani huja na usaha; nang'oa jino, wanapona. Basi nikajiona nayajua mataya yote.

Leo sindano imetoka na damu tupu. Ndani ni nyama ngumu, na meno yaliyobaki yanacheza. Huyu ni mtoto wa tatu kutoka kule bondeni. Wa milimani sijaona hata mmoja. Kwa nini wa bondeni tu? Nimuulize nani? Daktari hupita mara moja kwa mwezi, na wale wawili wa kwanza walizikwa kabla hajafika.

Mama yake akasema, "Yale magego tuliyatupa juu ya paa, daktari, ili yaote mengine."

Ananiita daktari, mimi dresa.

Rebeka akafunua mdomo mwenyewe. "Linaota. Nalisikia kwa ulimi."

Nikachungulia. Kweli kuna kitu kinaota pale penye pengo, lakini si jino.

"Ndiyo, mama," nikamwambia Rebeka. "Linaota."