Jipu la Nelima

Ruiru, 28 Machi 1957

Mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako. Mvua imeanza, na kahawa hapa shambani imechanua. Mtoto ana nguvu. Waithira, jirani yetu, anamnywesha maziwa ya ng'ombe.

Utauliza kwa nini si ya mama yake. Nelima alijifungua salama hospitalini Thika, lakini siku ya tano titi lake likaota jipu. Wanawake wengine watatu wa wodi ile wameotwa na jipu kama hilo. Amedungwa penisilini asubuhi na jioni kwa siku kumi, na homa haishuki. Jana nilimwomba daktari aongeze dawa.

"Nikiongeza haitasaidia, Philip," akasema. "Vijidudu vya humu wodini vimeshaizoea."

"Basi mpe nyingine."

"Nyingine sina."

Nilirudi kitandani kwa Nelima nikamshika mkono, nikamwambia kwamba daktari amesema atapona. Nelima akasema, "Mwandikie Mama aje amchukue mtoto."

Sikutaka kukuandikia maneno hayo. Njoo, Mama, kwa treni ya kwanza utakayopata.

Mkweo,
Philip