Mguu wa Mama Aber

Walukuba, Jinja,
9 Juni 2024.

Mpendwa kaka Masinde,

Pokea salamu za dada yako kutoka Jinja. Mgongo unaendeleaje? Wifi Lillian alisema umesharudi kazini, nikamshukuru Mungu, ingawa najua wewe hukubali kuugua. Watoto je, wameizoea shule yao mpya hapo Nakuru? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeuliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa. Mama yuko Namakwekwe, presha imetulia, anagombana na wapangaji kama kawaida.

Kaka, nimeachishwa kazi pale hospitali. Nataka uyasikie kwangu kabla ndugu zetu wa Nakaloke hawajakufikia, maana huko wanasema mgonjwa amekatwa mguu kwa sababu yangu.

Unajua kazi ya msaidizi wa wauguzi. Tunaosha wagonjwa, tunabadilisha mashuka, tunamwaga haja. Dawa hatugusi. Lakini malalamiko yote huanzia kwetu, kwa kuwa ndio tunaopita karibu na kitanda. Sista Gorreti, mkuu wa wodi ya wanawake, alitufundisha jibu moja tu: "Vumilia, Mama, daktari atakuja." Kisha tumpelekee yeye habari, naye ataamua.

Mwezi wa nne aliletwa Mama Aber, Mwacholi, mjane wa askari magereza, anayeuza samaki wakavu sokoni. Boda boda ilimgonga, mguu ukavunjika chini ya goti. Wakamfunga plasta. Kiswahili chake kilikuwa kile chetu cha kambini, na nilipomwambia kwamba baba yetu naye alikuwa askari magereza, akaanza kuniita binti wa afande. Tangu hapo kila neno lake lilikuja kwangu.

Kesho yake asubuhi akasema plasta inambana. Sista akanijibu kwamba plasta zote hubana. Mchana vidole vikawa vinamchoma. Jioni akasema havisikii tena. Nilivishika, vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Nikarudi kwa Sista.

"Topista, huyo ni mlalamishi. Ukimpa masikio atakumaliza. Daktari wa mifupa anakuja Alhamisi."

"Lakini Sista, vidole ni baridi."

"Mfunike blanketi."

Nikamfunika blanketi. Nikamwambia avumilie.

Kitanda cha pili alilala Mama Sushma, ambaye wanawe wana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Siku hiyo alikuwa amelalamika kwamba chai imepoa, ikapashwa moto papo hapo. Huyo mama akamwita Sista mbele ya wodi nzima: "Chai yangu mmeisikia. Huyu mwenzangu analia, hamsikii?" Sista akatabasamu, akamrekebishia mto.

Siku iliyofuata nilimsimamisha daktari wa zamu ukumbini. Akaniuliza kama mkuu wangu anajua. Nikasema anajua. "Basi anashughulikia," akasema, akaenda zake.

Alhamisi walipoipasua ile plasta, harufu ilitufikia mlangoni. Mguu ulikatwa siku hiyo hiyo, juu ya goti.

Mwanawe Jude alikuja kutoka Gulu kama moto. Akaninyooshea kidole: "Ni huyu! Kila nikipiga simu, Mama anasema huyu ndiye anamwambia avumilie!" Ningekana vipi? Mdomo ulikuwa wangu.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Kabla hatujaingia, Sista Gorreti alinivuta kando, sauti ya upole kabisa. "Mama yako anakula kwa kazi hii. Sema hukusikia kitu." Mkurugenzi aliponiuliza, nikasema Mama Aber alilalamika tangu mwanzo, na kwamba nilimweleza Sista kila mara, na daktari wa zamu pia. Sista akatazama sakafu. Mkurugenzi akasema nimevunja utaratibu kwa kumruka mkuu wangu. Wiki hiyo hiyo nikaambiwa nisirudi. Sista yupo bado.

Jude aliposikia nilichosema kikaoni, alinitafuta. Anataka kwenda mahakamani, nami nimekubali kuwa shahidi wake. Usinikataze, kaka. Mwisho wa mwezi nitahamia kwa Mama. Mjomba Wanyama ameniambia kuna zahanati huko Nakaloke inayotafuta mtu, lakini sijampa jibu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona Mama Aber chumbani kwake. Alikuwa ameketi mkekani, sketi imelala bapa pale mguu ulipokuwa. Nilimweleza yote, jinsi nilivyosema na nilivyofukuzwa. Nakwambia ukweli, nilitumaini ataniliwaza.

"Najua ulinisikia, binti wa afande," akasema. "Ndiyo sababu nilinyamaza. Ningejua kusikia kwako hakuna nguvu, ningepiga kelele mpaka barabarani wanisikie."

Hakusema kwa hasira. Nikamfulia nguo zake, nikazianika, nikaondoka.

Nisalimie wifi Lillian na watoto, na mzee Latif jirani yenu aliyekuchukua ulipofika huko huna mtu. Mama anakukumbuka katika kila sala. Mungu akulindie mgongo na riziki, na ukiugua, akupe mtu wa kukusikia, mwenye nguvu ya kufanya jambo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupunguza,
Topista.